Mtoto amepima, jibu limekosewa: tafuta chanzo kabla ya kufundisha upya

Madaftari yakishakusanywa, kosa la kupima huonekana ni la aina moja: namba si sahihi. Mwalimu anarudi ubaoni, anakumbusha "anzeni kwenye sifuri", anatoa zoezi jingine, na wiki inayofuata watoto walewale wanakosa vilevile. Wanakosa kwa sababu tatizo lao halikuwa moja. Huyu hajui kizio, yaani kipimo kimoja kinachorudiwa kama sentimita au kijiti, ni nini, yule anahesabu vistari badala ya nafasi, wa tatu ameishika rula upande wa inchi, na wa nne anapima vizuri kabisa ila rula yake imelika ukingoni. Dawa ya mmoja haimfai mwenzake.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Namba aliyoandika mtoto ndiyo ushahidi bora ulio nao, nami naomba uisome kwanza kabla hujaichora mkasi.

Anza na rula isiyo na sifuri

Chukua ukanda wa karatasi ngumu, uchore sentimita kuanzia 3 hadi 10, bila sifuri, moja wala mbili. Rula iliyovunjika inafaa pia. Chora mstari unaoanza penye 3 na kuishia penye 10, kisha ita watoto mmoja mmoja uwaulize urefu wa mstari. Usisaidie, wala usibadili sura wanapojibu.

Majibu yatakayokuja ni matatu. Anayesema 10 amesoma namba ya mwisho. Anayesema 8 ameweka kidole kwenye kistari cha 3 akasema "moja", kwenye cha 4 akasema "mbili", akaendelea hivyo hadi mwisho. Anayesema 7 amepata, lakini usimwachie hapo, kwa kuwa wapo waliokariri kutoa 3 kwenye 10 bila kujua wanatoa nini. Mwambie, "Nionyeshe sentimita moja iko wapi." Anayeelewa atapitisha kidole kutoka kistari kimoja hadi kinachofuata. Asiyeelewa atagusa kistari na kuinua kidole.

Zoezi la kawaida halikuonyeshi tofauti hii. Mstari ukianza penye sifuri, anayesoma namba ya mwisho anapata, na anayehesabu vistari kuanzia 1 anapata pia. Daftari linajaa alama za vema huku ugonjwa ukiwa palepale, na unakuja kujitokeza darasa la tano au la sita kwenye mizani, kipimapembe na grafu.

Jibu ni 10: anasoma namba ya mwisho

Mtoto huyu amepewa rula mapema mno. Rula imeshamfanyia kazi yote: imegawanya urefu, imehesabu, imeandika jibu. Kilichobaki kwake ni kutazama. Kumwambia aanze kwenye sifuri kunampa kanuni nyingine ya kutii, na kanuni husahaulika.

Tiba ni kumfanya aitengeneze rula yake. Kata ukanda wa karatasi ngumu wenye upana wa sentimita 3 hivi. Kata pia vipande vingi vya sentimita moja moja vya rangi mbili, na mtoto avibandike kwenye ukanda kwa kupishanisha rangi, vikigusana bila kupandana. Siku ya kwanza ukanda hauna namba hata moja. Apime penseli, daftari, upana wa kiganja, kwa kuhesabu vipande huku kidole kikiteleza juu ya kila kipande kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake. Kwa watoto wa darasa la kwanza vipande vya sentimita moja ni vidogo mno, huwaponyoka vidoleni. Tumia kizio kirefu zaidi, kazi inabaki ileile.

Akishachoka kuhesabu upya vipande kumi na saba kila mara, mtoto mwenyewe atataka kuandika namba. Mwache aandike, na uangalie anaziweka wapi. Wengi huandika 1 katikati ya kipande cha kwanza, 2 katikati ya cha pili. Usifute. Mpe kitu kinachoishia hasa mwisho wa kipande cha tano umuulize, "Macho yangu yatajuaje kwamba zimetimia tano?" Polepole namba zinasogea hadi mwisho wa vipande, na mwanzoni kabisa panabaki mahali pasipo na jina. Wapo watoto wanaoandika 0 hapo bila kuambiwa na mtu. Mtoto aliyeiweka sifuri kwa mkono wake haisahau kirahisi.

Kazi hii hula vipindi vitatu au vinne. Najua silabasi inakimbiza, lakini vipindi hivyo vinarudi baadaye vyote, kwa sababu hutarudia somo la rula kila mwaka.

Jibu linazidi kwa moja kila mara

Ukiona majibu ya mtoto yanapita jibu sahihi kwa moja, iwe mstari ni mfupi au mrefu, una uhakika wa chanzo: anahesabu vistari, au anaanza kupima penye 1. Vyote viwili vinatoka kwenye tabia njema ya kuhesabu vitu, ambapo cha kwanza kuguswa huitwa moja. Kwa vijiti na mawe hilo ni sahihi. Kwa urefu haliko hivyo, kwa sababu kinachohesabiwa ni safari kati ya alama mbili.

Mpeleke nje. Chora mistari sita chini kwa umbali sawa, asimame juu ya wa kwanza, umuulize amepiga hatua ngapi. Hajapiga hata moja. Aruke hadi mstari wa pili: moja. Akifika wa sita amepiga tano. Aliyekuwa anasema sita atabisha, na mabishano hayo ndiyo unayoyataka. Ukirudi darasani, kila anapokosa kosa lile mwambie tu, "Ruka." Ataelewa.

Kabla ya kumsahihisha mtoto, kagua kifaa

Hapa hapahitaji maneno mengi, ila ni pa kuangalia mwanzo kabisa wa somo. Rula nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri. Mtoto anaweka kitu sawa na ukingo, si sawa na kistari. Nyingine zimelika pembeni na sifuri haipo tena. Ikiwa rula ina inchi upande mmoja na sentimita upande mwingine, tazama ukubwa wa kosa: inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, kwa hiyo jibu lililopungua kwa karibu mara mbili na nusu limesomwa upande usio wake.

Rula zilizochapwa kutoka kompyuta au kutolewa nakala kwenye mashine hubadilika ukubwa bila mtu kugundua. Linganisha nakala moja na rula halisi kabla ya kugawa. Na mizani, mshale wake unatakiwa usimame penye sifuri wakati haijabeba kitu. Usiposimama hapo, darasa zima litakosa kwa kiasi kilekile, na utadhani umefundisha vibaya.

Meza moja, majibu tofauti

Watoto wamepima meza kwa shibiri au kwa vijiti na kila kundi limeleta namba yake. Usiangalie namba, angalia mikono yao. Utakuta mambo matatu. Wengine wanaacha mapengo kati ya kizio na kizio. Wengine wanapandanisha. Wengine wanachanganya vijiti virefu na vifupi, kisha wanahesabu vyote kana kwamba ni sawa.

Chanzo cha yote ni kutojua kwamba kizio kinatakiwa kiujaze urefu wote, bila kubakiza wala kurudia sehemu. Mpe kwanza vijiti vingi vinavyolingana, avipange kutoka ncha hadi ncha. Kisha mwondolee vyote abaki na kimoja tu. Hapo atalazimika kuweka alama ya penseli mwisho wa kijiti, akisogeze, aanze palepale penye alama. Kwa shibiri vivyo hivyo: kidole gumba kinaanza pale ncha ya kidole cha mwisho ilipokuwa. Kuhama kutoka vijiti vingi kwenda kijiti kimoja ni hatua kubwa kwa mtoto wa miaka saba, hata kama kwa macho ya mtu mzima ni jambo dogo.

Wapo pia waliopima vizuri na bado majibu yanatofautiana, kwa sababu shibiri ya huyu si shibiri ya yule. Usilimalize tatizo hilo haraka. Waache wajadiliane nani kapatia. Watu wazima walipita njia hiyohiyo: Ufaransa ilianzisha mita mwishoni mwa karne ya 18 baada ya kusumbuliwa na vipimo vilivyotofautiana mji kwa mji. Darasa likifika lenyewe mahali pa kusema "tutumie kijiti kimoja sote", limeshaelewa kwa nini sentimita ipo.

Ukiwa hapohapo, uliza swali ambalo litakusaidia miaka mitatu mbele: "Tukipima meza hii kwa kijiti kirefu zaidi, namba itaongezeka au itapungua?" Wengi husema itaongezeka. Kubwa na kubwa vinaonekana kufuatana. Wapime wajionee kwamba kizio kikikua, namba inapungua.

Anasema kamba imefupika

Umenyoosha kamba mbili zinazolingana, ukaipinda moja, na mtoto anasema iliyopindwa ni fupi. Au umemimina maji kutoka chombo kipana kwenda chembamba, naye anasema yameongezeka. Huu si ukaidi, wala si kutosikiliza. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza kwamba watoto wengi kabla ya umri wa miaka saba hivi huamua kwa upande mmoja tu unaowavuta macho, kama kimo cha maji au umbali kati ya ncha za kamba.

Kumweleza hakusaidii sana. Fanya na kurudisha: pinda, nyoosha, pinda tena. Mimina, rudisha, mimina. Kila mara mwache atabiri kwanza. Na kama bado haamini, subiri. Kulazimisha vizio vya ujazo kwa mtoto ambaye kwake maji huongezeka yakihamishwa ni kupoteza muda wake na wako.

Eneo na mzingo vinachanganyika

Dalili: anaulizwa eneo la mstatili wa sentimita 6 kwa 2, anaandika 16. Amejumlisha pande zote. Au anaandika 12 lakini anamalizia na "sm" badala ya sentimita za mraba. Au anazidisha kila anachokiona, hata kwenye pembetatu.

Kanuni ya urefu mara upana imemfikia kabla ya kufunika kitu chochote kwa mkono wake. Kabla ya kanuni, mpe miraba 12 ya karatasi inayolingana, apange mistatili yote anayoweza. Ataipata mitatu. Mstatili wa 1 kwa 12 una mzingo wa 26, wa 2 kwa 6 una 16, wa 3 kwa 4 una 14. Miraba ni ileile 12, eneo halijabadilika, lakini uzi wa kuzunguka umepungua karibu nusu. Mwambie azungushe uzi kweli, aukate, alinganishe nyuzi tatu. Mtoto aliyeshika nyuzi hizo ataona mwenyewe kwamba kuzunguka na kufunika ni mambo mawili.

Jihadhari na mifano miwili: mraba wa 4 kwa 4 na mstatili wa 3 kwa 6. Wa kwanza una eneo 16 na mzingo 16, wa pili 18 na 18. Kwa pande zenye namba nzima hakuna mistatili mingine yenye tabia hiyo, na kwa bahati mbaya hii miwili hupendwa sana ubaoni. Ukianza nayo, unapanda mkanganyiko kwa mkono wako. Ihifadhi kwa wiki ya mwisho, uwaachie wenye kiu waitafute.

Kuna kipimo kingine kizuri cha uelewa. Mpe mstatili mtupu, mwambie auchoree miraba ndani kwa mkono. Asiyeelewa huchora miraba pembezoni tu, au inayopungua ukubwa kadiri nafasi inavyomwishia. Mfundishe kuchora safu moja nzima, kisha airudie. Kuzidisha kunazaliwa kwenye safu hizo: miraba 6 kwenye safu, safu 2.

Kwa madarasa ya juu, swali linalowaangusha ni mita moja ya mraba ina sentimita ngapi za mraba. Watasema 100. Unganisha magazeti upate mraba wa mita moja kwa moja, chora safu moja ya chini yenye miraba 100 midogo, kisha uliza safu kama hiyo zitapanda ngapi. Ni 100. Jibu ni 10,000, na ukubwa wa gazeti lile sakafuni unawafanya waliamini.

Anazidisha panapotakiwa kugawanya

Mita 3 anaziandika sentimita 0.03. Gramu 2,500 zinakuwa kilogramu 2,500,000. Amekariri kwamba kuna wakati wa kuzidisha na wakati wa kugawanya, lakini hana kitu cha kumwambia ni lini.

Rudi kwenye swali la kijiti kirefu. Kabla ya kugusa kalamu aseme kwa mdomo: "Nakwenda kwenye kizio kidogo, namba itakuwa kubwa." Kisha ndipo afanye hesabu. Kwa mtoto ambaye hakuwahi kuliona jambo hilo kwa vijiti, hili nalo litakuwa la kukariri, hivyo usione aibu kutoa vijiti darasa la tano.

Kosa la desimali lina chanzo chake. Mita 3 na sentimita 7 akiziandika 3.7, anadhani nukta ni uzio tu kati ya mita na sentimita. Mwekee mita 3 na sentimita 70 kando yake, naye aziandike. Namba mbili zikifanana ilhali urefu haufanani, ataona kwamba nafasi ya kumi imerukwa na kwamba alitakiwa kuandika 3.07.

Anayeandika namba bila kizio mrudishie daftari na swali moja: "15 nini?" Wakubwa wasimulie habari za Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea mwaka 1999 kilipofika Mirihi. Programu moja ilitoa takwimu kwa vizio vya Kiingereza, nyingine ikazipokea kana kwamba ni za metriki. Hesabu zilikuwa sawa, vizio havikuwa.

Kikubwa ndicho kizito

Mtoto anayepanga vitu kwa uzito kwa kutazama ukubwa anahitaji vitu vinavyomkatalia: boksi kubwa tupu na jiwe dogo. Avishike mikononi kwanza, aseme, kisha aviweke kwenye mizani. Panga vitu vitano au sita ambavyo ukubwa na uzito wake havifuatani, vinginevyo unamthibitishia kosa.

Kwenye vimiminika kosa la kawaida ni la jicho. Akisoma akiwa amesimama, jicho likiwa juu ya usawa wa maji, anapata namba isiyo yake. Chombo kiwe mezani, yeye ainame jicho lilingane na maji, asome chini ya mpindo wa uso wa maji na si kwenye kingo zilizopanda. Na kama lita kwake ni neno tu, tengenezeni boksi la karatasi ngumu la sentimita 10 kila upande. Hilo ndilo lita moja, sentimita 1,000 za ujazo.

Muda na pembe

Kutoka 8:50 hadi 10:15 mtoto anapata saa 1 na dakika 65. Ametoa 850 kwenye 1015. Mwondolee hesabu ya kusimama kabisa kwa muda, mpe mstari: kutoka 8:50 aruke hadi 9:00, dakika 10, hadi 10:00, saa moja, hadi 10:15, dakika 15. Jumla ni saa 1 na dakika 25.

Kwenye pembe, anayeandika nyuzi 130 kwa pembe ya 50 amesoma mstari usio wake wa kipimapembe. Kabla ya kukiweka, aseme kama pembe ni ndogo au kubwa kuliko kona ya karatasi. Neno hilo moja linatosha kumrudisha.

Meza ya sentimita 700

Jibu lisilowezekana kabisa linapoandikwa bila wasiwasi, kinachokosekana ni makadirio. Mtoto hana kitu cha kulinganishia. Ajenge vipimo vyake vya kubeba: kidole chenye upana wa karibu sentimita moja, hatua yake ndefu, mlango wenye kimo cha karibu mita mbili. Avipime mwenyewe na kuvipima tena kila muhula, kwa sababu anakua.

Kila upimaji uanze na kadirio lililoandikwa kwa kalamu ya wino. Lakini usilipe alama kadirio. Ukilipa, watapima kwanza kisha waandike kadirio linalokaribia jibu, na utakuwa umewafundisha kudanganya badala ya kukadiria. Waulize tu kadirio lilikuwa mbali kiasi gani, na kama limekaribia kuliko la jana.

Wawili wamepima vizuri, majibu hayalingani

Mmoja ana sentimita 14.2, mwenzake 14.3, na wote wanakutazama useme nani kakosa. Rula ni nzima, mwanzo ni sifuri, jicho liko sawa. Hakuna aliyekosa. Kipimo chochote ni cha kukaribia, na upana wa kistari chenyewe una sehemu yake katika tofauti hiyo. Waambie hivyo waziwazi, hata darasa la nne wanaelewa. Kila mmoja apime mara tatu, waandike majibu yote sita kwenye mstari mmoja, waone yanarundikana wapi. Yakikaa ndani ya milimita mbili au tatu, pokea yote. Likijitokeza moja la 15.2 kando ya mengine, huyo amekosea sentimita nzima: mwite, na umwambie akuonyeshe alianzia wapi.